Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: sanda ya Zamzam na mlinzi wa Samora

Mheshimiwa Waziri,

Naomba radhi kukuandikia hadharani, kuhusu vitabu vya nje kutafsiriwa kwa Kiswahili. Barua ya bahasha ningeipeleka masjala, ingegongwa muhuri wa "imepokelewa", na hadithi ingeishia hapo.

Mimi nauza vitabu vya mitumba kando ya Barabara ya Samora, Dar es Salaam. Natandika turubai saa mbili asubuhi, nakunja saa kumi na mbili jioni, mgambo wakipenda. Kabla ya hapo nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka tisa, ndiyo maana hapa barazani wengi bado wananiita mwalimu.

Tarehe 7 Oktoba 2021 zilipotoka habari kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kesho yake watu walianza kunijia. "Mwalimu, una kitabu cha huyu Mzanzibari wetu?" Nilikuwa nacho kimoja, kimechakaa jalada, cha Kiingereza. Wanakishika, wanakigeuza, wanasoma maneno ya nyuma, wanakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. "Cha Kiswahili je?" Hakuna. Mama mmoja wa makamo alinikasirikia kana kwamba ni mimi niliyemnyima. "Kaandika habari za kwetu, halafu sisi wenyewe tusizisome?"

Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, riwaya yake moja iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota hapa hapa Dar es Salaam. Nawashukuru wote wawili. Lakini hebu tuhesabu, Mheshimiwa. Riwaya ile ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Imetufikia kwa Kiswahili 2022. Miaka 28, na huyu ni mtu wa kwetu, anayesimulia pwani yetu, tena baada ya kupewa Nobel. Sasa mwandishi wa Senegali au wa Korea asiye na Nobel atatufikia lini?

Zamani hatukuwa hivi. Shujaa Okonkwo, ile riwaya ya Chinua Achebe ya 1958, Clement Ndulute aliileta kwa Kiswahili mwaka 1973. Ile ya Ayi Kwei Armah wa Ghana ilitoka 1968, na mwaka 1976 Abdilatif Abdalla alikuwa tayari ametupa Wema Hawajazaliwa. Miaka minane! Mtu aliyeisoma ilipotoka kwa Kiingereza akiwa kidato cha nne, aliisoma kwa Kiswahili kabla hajaota mvi. Wachapishaji wa wakati huo, Nairobi na Dar es Salaam, walikuwa wakipiga chapa kwa mashine za herufi za risasi na kutuma miswada kwa posta. Leo muswada unafika kwa simu kabla chai haijapoa, na sisi ndio tumechelewa zaidi.

Najua utakachoambiwa na wasaidizi wako: Watanzania hawasomi, na hadithi za kigeni haziwahusu. Naomba siku moja uwatume mtaani. Huku kwetu ukimwuliza kijana laibrari iko wapi, hatakupeleka Barabara ya Bibi Titi kwenye Maktaba Kuu. Atakupeleka kwenye kibanda chenye kompyuta moja na feni, ambako watu wanajaziwa flashi "season" za Kikorea, Kituruki na Kifilipino zilizotafsiriwa. Kijana mwenye maikrofoni amekaa juu ya mazungumzo ya wenyewe, anasimulia, anatania, anaongeza chumvi, na mama muuza vitumbua anajua ukoo wote wa mfalme wa Joseon, Korea ya kale, kuliko wa mjomba wake. Hadithi za kigeni watu wanazitaka, tena kwa Kiswahili, na wanazilipia. Kilichokosekana ni upande wa kitabu. Korea ya kwenye flashi tunayo. Ya Han Kang, aliyeshinda Nobel 2024, sijapata kuiweka kwa Kiswahili juu ya turubai langu.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikae chini niandike.

Mteja mmoja aliyetoka Uingereza aliniachia kitabu cha Banu Mushtaq, mwanamke wa India aliyeshinda tuzo ya International Booker mwezi Mei 2025. Ni hadithi fupi 12 alizoziandika kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa India, zikatafsiriwa kwa Kiingereza na Deepa Bhasthi. Tuzo ile ni pauni 50,000, na tangu 2016 inagawanywa nusu kwa nusu: nusu ya mwandishi, nusu ya mtafsiri. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Jioni nikianza kukunja, alikuwa akija mlinzi wa benki ya jirani. Zamu yake ilikuwa ikianza saa moja, lakini kwa kuogopa foleni ya Mbagala alikuwa akifika kumi na moja na nusu. Ni mtu wa Kilwa. Kiingereza chake, kwa maneno yake mwenyewe, kinaishia getini. Siku moja aliniuliza nasoma nini na kucheka peke yangu, nikaanza kumsomea, macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili.

Humo mna hadithi ya mwanamke fukara aliyempa mwanamke tajiri anayekwenda Hija vijisenti alivyojibana, amletee sanda iliyochovywa katika maji ya Zamzam. Tajiri akaenda, akajinunulia vyake, sanda haikuja. Nilipofika kwenye neno la Kiingereza la sanda sikulitafuta, lilikuwa mdomoni tayari. Zamzam haikutaka maelezo. Hija haikutaka maelezo. Mlinzi akaninyooshea mkono nisimame.

"Subiri, mwalimu. Bibi yangu anayo. Ipo kwenye sanduku la bati uvunguni, kaifunga kwenye mfuko na karafuu."

Akanyamaza kidogo.

"Haya, soma. Huyo mama kafa au bado?"

Yule fukara anaitwa Yaseen Bua. Kiingereza kimeliacha neno hilo "bua" kama lilivyo, kwa sababu hakina pa kuliweka. Kwao Kiingereza dada wa baba, dada wa mama na mke wa mjomba wote wanaingia chungu kimoja. Kule India bua ni dada wa baba. Mimi nilisema "Shangazi Yaseen", na mlinzi akamjua palepale ni nani katika ukoo na anastahili heshima gani. Nikafikiri: hadithi hii imepita London ikafika Samora, kumbe njia yake fupi ilikuwa bahari ileile iliyoleta majahazi. Wangapi Tanga, Mafia, Lamu na Unguja wangeisoma na kusema, kama mlinzi, bibi yangu anayo?

Ndivyo ilivyo na kazi nyingi mpya. Jokha Alharthi wa Oman alishinda tuzo hiyohiyo mwaka 2019, kwa riwaya iliyoandikwa kwa Kiarabu, ya familia ya Kiomani na watumwa wao. Muscat wapo watu wanaozungumza Kiswahili sebuleni. Unguja wapo wanaosoma Kiarabu vizuri kabisa. Riwaya ile tungeweza kuitoa kwenye Kiarabu moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza. (Kutafsiri tafsiri ni kama kupika chai kwa majani ya jana. Inanyweka, mimi mwenyewe ndiyo ninayomnywesha mlinzi, lakini si chai.)

Mheshimiwa, tuzo kubwa ya uandishi nchini kwetu ina jina la Mwalimu Nyerere. Nimeifuatilia tangu washindi wa kwanza walipotangazwa Aprili 2023. Ilianza na riwaya na ushairi, zikafuata hadithi za watoto na tamthiliya. Tafsiri sijaiona. Nami najiuliza kama waliokaa kupanga walikumbuka Mwalimu alikuwa nani kwenye uandishi. Huyu ndiye aliyemtafsiri Shakespeare mara mbili. Juliasi Kaizari ilitoka 1963, nchi ina miaka miwili ya uhuru, kiongozi wa nchi anahangaika na mizani ya Kiingereza cha karne ya 16. Akairudia na kuisahihisha. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, na neno hilo "mabepari" si la bahati mbaya; angetaka angesema wafanyabiashara. Uzeeni akazigeuza Injili kuwa tenzi. Katika ubunifu, kazi zake kubwa ni tafsiri. Leo angekuwa hai na muswada mkononi, asingekuwa na dirisha la kuupeleka katika tuzo yenye jina lake.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni jepesi: kipengele cha tafsiri, mtafsiri atajwe na alipwe kama wanavyolipwa wenzake.

Ombi la pili ni zito kidogo kwa sababu lina fedha. Mtafsiri wa Tanzania anaishi kwa vyeti vya kuzaliwa, mikataba na ripoti za semina. Namfahamu mmoja, hodari kweli, ana nusu ya riwaya ya Kifaransa kwenye kompyuta yake tangu mwaka juzi. Kila akifika sura ya sita inaingia kazi ya warsha, na warsha inalipa ada ya shule. Mchapishaji naye ana hofu yake. Anunue haki kwa mwenye kitabu, amlipe mtafsiri, mhariri na mpiga chapa, kisha maboksi yalale stoo. Najua upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na najua unakopesha. Mkopo unamfaa mwenye studio, anayeweza kupata wateja wiki ijayo. Riwaya iliyotafsiriwa inaanza kurudisha hela baada ya mwaka au miwili. Ukimkopesha mtafsiri umempa deni la kwenda nalo kitandani.

Kinachotakiwa ni mnunuzi wa uhakika. Bara tuna mikoa 26. Serikali ikisema kila mwaka tutachagua vitabu vitano tu, vipya, kutoka popote duniani, na kila kimoja tutanunua nakala 20 kwa kila mkoa, hizo ni nakala 520 kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Muulize mchapishaji yeyote nakala 520 zilizolipiwa zina maana gani kwake. Mimi nitachukua zangu kumi, nitaziuza hapa kwa mlinzi na kwa yule mama aliyenikasirikia.

Na fedha nyingine wala si za kwako. Norway wana taasisi yao, NORLA, inayochangia gharama za kutafsiri vitabu vyao kwenda lugha nyingine. Goethe-Institut inafanya hivyo kwa vitabu vya Kijerumani, na ofisi wanayo hapa Dar es Salaam. Korea Kusini serikali yenyewe ina taasisi nzima ya kazi hiyo. Wanalipa ili hadithi zao zisomwe kwa lugha za watu. Anayetakiwa kuomba ni mchapishaji, na mchapishaji wetu mdogo hana mtu wa kukaa na fomu na barua za haki za kutafsiri. Ofisa mmoja wizarani, meza moja, intaneti isiyokatika. Ni hivyo tu.

Wapo watakaosema tuwatangulize waandishi wetu kwanza. Nawaelewa, na hao waandishi ni rafiki zangu, wengine wananidai. Lakini nilipofundisha nilisomesha Takadini, ile simulizi ya Zimbabwe ya Ben Hanson, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza na kukaa miaka mingi kwenye orodha ya fasihi ya kidato cha tatu na cha nne. Nimeona darasa la watoto 70 likinyamaza Sekai anapotoroka usiku na mwanawe mwenye ualbino mgongoni. Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Sekai ni kabila gani?" Siku nyingine niliwauliza nani aliyekitafsiri kitabu. Kimya. Kisha mmoja wa nyuma: "Kwani kimetafsiriwa?" Hakuna mwandishi wa Kitanzania aliyekosa ugali kwa sababu watoto wale walimlilia Sekai. Naamini baadhi yao ndio walionunua kwangu vitabu vya Kezilahabi baadaye.

Mashine ya kutafsiri nimeijaribu, kabla hujaniuliza. Niliipa ukurasa wa ile sanda. Ilinirudishia sentensi zilizonyooka kama muhtasari wa kikao, na Shangazi Yaseen hakuwemo.

Mlinzi wangu amehamishiwa zamu ya mchana. Siku hizi tunasoma saa saba, nusu saa, akila wali maharage kwenye kopo. Tumebakiza hadithi tatu. Juzi aliniuliza tukimaliza hiki kinafuata kipi, nikamwonyesha vya Kiingereza vyote vilivyopo kwenye turubai. Akavitazama, akasema, "Hapana, mwalimu. Utachoka sauti."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza vitabu,
Barabara ya Samora, Dar es Salaam