Kura inapigwa kabla yetu

Tukuyu, Rungwe

Ndugu yangu Tumaini,

Za huko Dodoma? Huku hatujambo, mvua tu haitaki kukatika.

Umeniuliza kwa nini tunalalamika miaka mitano mizima kisha tunarudisha sura zilezile. Usitulaumu haraka. Mwaka 2010 Mbeya Mjini walimpa ubunge Joseph Mbilinyi, yule msanii Sugu, na Iringa Mjini wakampa Mchungaji Peter Msigwa, wote wa upinzani. Kubadili tunajua. Shida ni kwamba vijijini kwetu mambo huwa yameshaisha kabla hatujashika karatasi ya kura: aliyepita kwenye kura za maoni za chama tawala ndiye mbunge. Na asiye na chama hana pa kupitia kabisa. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa, alidai mgombea binafsi tangu miaka ya 1990. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, lakini mpaka anafariki 2015 mlango ulikuwa bado umefungwa.

Kinachoniuma zaidi ni ukomo wa uongozi. Rais ikifika miaka 10 anafungasha. Mwinyi, Mkapa na Kikwete wote waliondoka, na nchi haikuanguka. Mbunge na diwani wao hawana mwisho. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka mbunge asizidi vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa hata kabla ya muda wake. Bunge Maalum la Katiba likayafuta yote mawili mwaka 2014. Wengi waliokaa mle walikuwa wabunge, Tumaini! Nani angejifungia mlango mwenyewe?

Tumaini langu liko huku chini. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji uliopita, mwenyekiti alikuwa anasoma mapato na matumizi harakaharaka. Mama mmoja muuza ndizi akasimama na mtoto mgongoni, akauliza saruji ya zahanati imeshushwa wapi, maana yeye anapita pale kila siku na hajaona hata mfuko. Watu kimya. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa pembeni wakasogea mbele. Mwenyekiti akaahidi kuleta stakabadhi mkutano ujao, na safari hii tutazidai.

Nimemwomba yule mama agombee uenyekiti 2029. Hajakataa, ila ameniuliza ni chama gani kitamsimamisha mtu anayeuliza maswali. Sikuwa na jibu.

Ukija Krismasi niletee nakala ya ile rasimu, yangu iliazimwa haikurudi. Nataka tuisome naye.

Ndaga fijo, asante sana, wasalimie nyumbani.

Rafiki yako