Barua kwa mpwa wangu anayeunda ndege uani

Mpwa wangu, kamwene.

Video yako ilinifikia juzi usiku kwenye kundi la ukoo, nikaitazama mara sita. Mara tano za kwanza nilikuwa mjomba tu. Nilimpigia mama yako simu, tukashangilia kama watoto. Mara ya sita niliitazama kwa jicho la fundi aliyekaa miaka 26 kwenye karakana za ndege ndogo, na usingizi ukanikimbia. Hasa pale mwishoni, unaposema kwamba siku ya sikukuu utairusha mbele ya kata nzima na diwani ameshaalikwa.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako. Vijana wengine Tanzania na Kenya wamefunga injini ya pikipiki kwenye mabawa waliyoyaunda wenyewe, na kila mara umati huwahi kufika kabla ndege haijawa tayari.

Kuna Mwingereza aliyeitwa Percy Pilcher. Alikuwa ameunda ndege ya mabawa matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine, yenye injini, miaka minne kabla ya ndugu wa Wright, wale Wamarekani, kuruka na ndege yao ya injini. Tarehe 30 Septemba 1899 aliwaalika wageni kwenye jumba la Stanford Hall huko Uingereza waje kuiona, wakiwemo watu aliotarajia wamsaidie fedha. Siku chache kabla, krenkshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikakatika. Wageni walikuja hivyo hivyo. Hakutaka waondoke bila kuona kitu, akachukua chombo chake cha zamani kisicho na injini, siku ya mvua, kitambaa kimelowa. Mkia ulivunjika angani. Alianguka kutoka kama mita kumi, akafariki siku mbili baadaye. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cranfield waliunda ndege kwa kufuata mawazo yake, nayo ikakaa hewani zaidi ya dakika moja. Kijana yule alikuwa na akili kama yako. Wageni ndio waliomharakisha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: mpigie diwani, umwambie siku imesogezwa. Usimpe tarehe nyingine.

Sasa tuje kwenye injini. Najua utanitajia John Moody, yule Mmarekani aliyefunga injini ya nguvu za farasi 12 kwenye bawa la kuelea mwaka 1975 na kuwafungulia wenzake njia ya ndege hizi nyepesi. Ni kweli. Lakini Moody alikuwa akiruka na mabawa hayo bila injini kabla ya siku ile, chombo chake kilikuwa chepesi hata akaondoka kwa kukimbia na miguu yake, na Wisconsin iko chini, haifiki hata mita 300 alipokuwa. Wewe uko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar es Salaam, na jua la mchana linaipunguza zaidi. Injini inavuta hewa kidogo, inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Propela nayo inapata hewa kidogo ya kusukuma. Na bawa, ili libebe uzito ule ule, linataka mwendo wa kasi zaidi, kama asilimia kumi hivi. Hasara hizo tatu zinakuja pamoja. Michoro uliyoifuata imechorwa na watu wa nchi tambarare, na uwanja unaowatosha wao hautakutosha wewe. Ile miti ya misonobari mwisho wa uwanja wako niliiona kwenye video, mpwa wangu. Niliiona vizuri.

Halafu fremu. Umetumia alumini ya madirisha na umeichomelea kwenye maungio. Alumini ya namna hiyo inapata ugumu wake kiwandani kwa joto maalum, na moto wa kuchomelea unauondoa pale pale pembeni mwa mshono, mahali ambapo mzigo ni mkubwa kuliko kwingine. Kwa macho utaona mshono mzuri. Ndege za aina hii hufungwa kwa vibati na bolti za ndege, si bolti za duka la vifaa vya ujenzi. Hilo litakugharimu fedha na miezi, nalijua. Kwenye bolti nitakusaidia.

Ukimaliza kufunga upya, igeuze ndege kichwa chini, uegemeze mwili wake kwenye magogo, upange mifuko ya mchanga juu ya mabawa. Inageuzwa kwa sababu hewa hulisukuma bawa kwenda juu, nasi hatuna mchanga unaopanda. Ikiwa ndege pamoja nawe ni kilo 230, weka karibu kilo 920, yaani mara nne ya uzito huo, ukigawa mabawa yote mawili. Livunjike uani kama litavunjika.

Kisha tuipime kwa mizani, kila gurudumu juu ya mizani yake, wewe umekaa kitini, tangi lina petroli. Tunatafuta uzito umekaa wapi. Kwa bawa la kawaida kama lako unatakiwa uwe kama robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au nyuma yake kidogo tu. Mkia ukiwa mzito, pua itapanda na hutaweza kuishusha.

Na jambo ninaloliogopa kuliko yote ni mkono wako. Bawa likiinuka kupita kama digrii 15 dhidi ya upepo unaolijia, hewa inaliachia na ndege inaporomoka. Mtu asiyefundishwa, akiiona ardhi inamjia, huvuta usukani kwake. Dawa ni kuusukuma mbele, uielekeze pua kwenye ardhi ile ile unayoiogopa. Mkono haulikubali hilo mpaka umeketi na mwalimu mara nyingi, na hakuna video inayoweza kuufundisha. Ada ya masomo tutaichangia ukoo mzima kama tunavyochangia harusi. Nimeshaongea na baba yako mdogo. Barua ya kwenda TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, tutaiandika pamoja, tuiombe ije ikague.

Nakuja kwa basi la Ijumaa. Nina mizani moja, mbili tutaazima kwa wanunuzi wa viazi hapo sokoni. Mpaka nifike, ondoa propela uifungie chumbani kwa mama yako, na funguo akae nazo yeye.

Mjomba wako