Kaka aliacha pombe, sasa damu inamvilia ngozini: ni ini au ni ziwa?

Daktari, salaam.

Nakuandikia kwa ajili ya kaka yangu, mvuvi wa dagaa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, umri miaka 54, uzito kilo 60. Pombe ameacha kabisa, huu ni mwezi wa 26. Kabla ya hapo alikunywa karibu miaka 20. Siku ya kawaida zilikuwa chupa nne za bia za mililita 500, na kipindi cha giza bila mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa, kikiwa na mavuno mazuri aliongezea gongo. Chupa moja ya bia ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi, kwa hiyo bia peke yake ilimpa gramu 80 kwa siku. Gongo sikuihesabu kwa sababu ukali wake haulingani pipa kwa pipa.

Ni miezi mitatu sasa damu inamvilia chini ya ngozi bila kugongwa mahali. Alama ziko kwenye mapaja na kwenye mkono wa mbele, pale kamba ya wavu inapopita akiwa anavuta. Kila moja ina ukubwa wa sarafu ya shilingi 200: katikati zambarau inayokaribia nyeusi, pembeni kijani na manjano. Ukibonyeza glasi ya kioo juu yake rangi haiondoki. Usiku kwa taa huzioni, ngozi yetu inazificha. Ni lazima umtoe juani. Fizi hazitoki damu, miguuni hana vile vidoa vidogo kama ncha ya sindano, macho si ya manjano, choo si cheusi.

Yeye ameshajihukumu kwamba ini limekwisha na hiyo ndiyo malipo ya pombe. Majirani wanamwongezea. Alipopima zahanati aliambiwa ini ni zima, akarudishwa nyumbani na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti. Hizo kauli mbili ndizo zinazoninyima usingizi, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna hata moja iliyothibitishwa.

Mimi ni mtu wa maabara, namba nazisoma, kutibu si kazi yangu. Majibu yake ni haya: ALT 29, AST 41, bilirubini 17, albumini gramu 39 kwa lita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) 1.2, hemoglobini 10.9, chembe sahani (zile zinazoziba damu isitoke) 88, wakati kawaida huanzia 150. Hizo 88 sikuziamini, kwa sababu chembe hizo zikishikana mafungu kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, mashine husoma pungufu. Nilirudia kwa chupa yenye sitrati, dawa nyingine ya kazi hiyo, na nikaangalia slaidi kwa darubini: hakuna mafungu, upungufu ni wa kweli.

ALT na AST zinaonyesha seli za ini zinazoharibika sasa hivi. Ini lenye makovu ya zamani, ambalo halipati tena pombe, linaweza kutoa namba nzuri kabisa hapo, kwa hiyo "ini zima" ilisemwa mapema. Lakini pia kazi ya ini, yaani albumini na kugandisha damu, haijaporomoka. Ini lililochoka kiasi cha kumvilisha mtu damu ningetarajia INR ipande na albumini ishuke. Na pombe yenyewe hushusha chembe sahani kwa kubana uboho wa mifupa, ila mtu akiacha hupanda tena ndani ya wiki moja au mbili. Miezi 26 ni mingi mno kwa sababu hiyo.

Nilimlaza nikampapasa. Chini ya mbavu za kushoto bandama imeshuka vidole vinne. Hapo ndipo nilipofikiria ziwa. Tangu utotoni anaingia majini kila siku, na Ukerewe kichocho cha tumbo si kigeni. Dawa hugawiwa zaidi shuleni, mvuvi wa umri wake humpita. Mayai ya minyoo yakikwama kwenye matawi ya mshipa unaoleta damu kwenye ini kutoka utumbo, makovu huuzunguka mshipa, damu inarudi nyuma, bandama inavimba na kuzifungia chembe sahani ndani. Seli za ini zenyewe zinaendelea kufanya kazi, ndiyo maana vipimo vyake vinapendeza.

Nilijaribu pia FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Ilitoka 4.67, na juu ya 2.67 huhesabiwa hatari ya makovu makubwa. Siitegemei sana. Ilitungwa kwa watu wenye VVU pamoja na homa ya ini aina ya C, na chembe zilizofungiwa na bandama zinaipandisha tu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba 88 haitoshi kumvilisha mtu damu hivi. Kwa kawaida damu huanza kuvilia yenyewe zikishuka chini ya 50. Nahisi diklofenaki, miligramu 50 mara mbili kwa siku, inazizuia zilizobaki zisifanye kazi. Wifi naye amenionyesha vidonge vyeupe vya "maungio" vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, kaka amevimeza miezi minne. Nikiona ngozi ya mikono yake ilivyokuwa nyembamba nahofia ni prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi. Diklofenaki nimemwachisha. Hivyo vyeupe nimeogopa kuvikata ghafla, maana kama ni steroidi, mwili uliozoea unaweza kuanguka.

Ninachoomba, Daktari, ni mpangilio, kwa sababu fedha ni za dagaa na haziwezi kulipia kila kitu siku moja. Nimefikiria kuanza na altrasaundi ya ini na bandama, pamoja na kipimo cha homa ya ini B, C na VVU. Halafu choo kikubwa kwa Kato-Katz, njia ya kutafuta mayai ya minyoo kwa darubini, siku tatu, nikijua kwamba ugonjwa wa zamani unaweza kukosa mayai. Je, apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, vidonge vinne vya miligramu 600, hata kama mayai hayataonekana? Na bandama ya ukubwa huu, inatosha kumpeleka hospitali ya Bugando akaangaliwe kwa kamera kama mishipa ya umio nayo imevimba, kabla hajatapika damu, au tusubiri picha?

Vidonge vyeupe tuvipunguze vipi ikiwa hatujui kipimo chake?

La mwisho lina haraka. Ijumaa ijayo ameahidiwa kung'olewa gego, na aliyemwahidi hajui habari za chembe 88. Nimemwomba aahirishe, anasema jino linamuua, na kwa maumivu namruhusu parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku. Kwa namba hizi jino linaweza kutoka salama akishonwa na kuwekewa shashi ya kubana, au tusiguse mpaka bandama ieleweke?

Ndimi dada mtu,
Mwanza