YAH: MALALAMIKO KUHUSU ALTERNATA MBILI ZILIZOFUNGWA BILA GARI KUPIMWA, NA LUGHA NILIYOTOLEWA MAPOKEZI

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, na naomba uisome barua hii wewe mwenyewe. Ya kwanza niliileta kwa mkono ikapokelewa na msimamizi wa karakana, ambaye ndiye ninayemlalamikia. Hadi leo sijajibiwa hata neno.

Kadi ya kazi, yaani karatasi ya matengenezo ya gari langu, mnayo. Masharti ya dhamana mliyaandika ninyi, sina haja ya kuwasomea.

Gari langu lina miaka 22 na shida yake ilikuwa ya kuja na kuondoka. Asubuhi linawaka vizuri, mita ikiwekwa kwenye betri inasoma volti 14.1. Likitembea nusu saa, injini ikishapata joto na taa kubwa zimewashwa, mambo yanabadilika: taa zinafifia, feni ya ndani inapungua nguvu, mita inashuka hadi 12.5 injini ikiwa inanguruma, yaani betri haipati chaji ya kutosha. Nikilizima, stata, ile mota ya kuwashia injini, inavuta kwa unyonge au inalia tik tik tik tu. Nikiliacha lipoe, linawaka kama halijawahi kuumwa. Haya yote niliyaandika kwenye daftari kwa wiki tatu: saa, umbali, mvua au jua, taa zimewashwa au zimezimwa, volti ngapi. Niliwaletea ugonjwa ukiwa na maelezo yake kamili.

Mlichofanya mara ya kwanza ni kuniuzia betri na alternata, kile kifaa kinachochaji betri injini ikinguruma. Mashine yenu ya kompyuta haikuonyesha kosa lolote, mkasema alternata "umri wake umefika". Nani aliipima? Ilitolewa mita ikiwa bado kwenye droo. Betri mpya ikaficha ugonjwa kwa siku tisa, kwa sababu betri iliyojaa inaweza kubeba gari siku kadhaa hata kama haipati chaji ya kutosha. Siku ya kumi, tik tik tik. Mkaniambia alternata mpya ilikuwa mbovu tangu dukani, mkafunga nyingine, mkanitoza ufundi mara ya pili. Huko si kupima gari, ni kupiga ramli kwa fedha ya mteja.

Sasa nakuja kwenye siku niliyofika kwenu kwa mara ya tatu.

Nilifika asubuhi na daftari langu. Nilimwomba msimamizi kwa adabu jambo moja tu: gari lipimwe likiwa la moto, taa na feni zikiwa zimewashwa. Alifungua boneti injini ikiwa baridi, akaweka mita dakika moja, ikasoma 14.1, akafunga. Akasema taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki, kwa hiyo gari halina tatizo. Nilipomfungulia ukurasa wenye vipimo vyangu, alilichukua daftari akalitupa juu ya kaunta bila kusoma mstari hata mmoja, akasema: "Mama, nenda nyumbani ukapumzike. Haya mambo ya volti waachie wanaume." Palikuwa na wateja wanne pale.

Jioni ya siku hiyohiyo, saa mbili usiku, gari lilinizimikia njia panda. Nilikuwa na mama yangu mzazi kiti cha nyuma, nimetoka kumchukua hospitali. Taa zilififia hadi zikawa nyekundu, kisha injini ikakata. Malori yalitupita yakipiga honi. Watu wasiotujua ndio waliotusukuma pembeni.

Kuhusu alternata yangu ya zamani, ile iliyotoka na gari: niliidai mara mbili, nikaambiwa imeshatupwa. Sasa najua ilikuwa nzima, na nitaeleza nimejuaje.

Fundi mwingine, mtu mzima asiye na mashine ya kompyuta, aliniuliza swali ambalo kwenu halikuulizwa: "Linasumbua likiwa la baridi au la moto?" Akaliacha lingurume hadi likapata joto, akawasha taa na feni. Alipopima kwenye alternata yenyewe, kati ya nati ya nyuma na ganda lake, alipata 14.1. Kwenye betri alipata 12.5. Kwa hiyo chaji ilikuwa inatengenezwa vizuri, inapotelea njiani. Akafuata njia: upande wa chanya ilipotea volti 0.1 tu. Upande wa hasi, kutoka ganda la alternata hadi kichwa cha hasi cha betri, zilipotea 1.5, wakati hapo hapapaswi kuzidi kama 0.2. Kisha akachukua waya wa kubustia, akaunganisha injini na hasi ya betri, na taa zikang'aa palepale mbele ya macho yangu. Nilisimama pale na machozi yakinilenga.

Ni waya wa athi, ule unaounganisha injini na bodi. Ndio huo tu. Kwa nje mpira wake ulikuwa mzima. Alipoukunja karibu na kichwa chake, ndani ulimwaga unga wa kijani, na nyuzi za shaba zilizobaki zilihesabika. Ukiwa baridi nyuzi zinagusana, umeme unapita; injini ikipata joto na kutikisika, zinaachana. Ndiyo maana vipimo vya asubuhi vilikuwa vizuri. Ndiyo maana ile taa ya dashibodi haikuwaka: alternata ilikuwa inafanya kazi yake, na taa ile haikuwekwa kulinda waya wa athi. Fundi wa umeme wa magari anapaswa kujua hilo kabla hajashika spana. Kipimo kizima kilichukua robo saa baada ya injini kupata moto. Waya mpya ulifungwa siku hiyo, na tangu hapo, likiwa baridi au moto, mita haijashuka chini ya 13.9.

Narudi kwenye ile kaunta, Ndugu Meneja, kwa sababu nikifumba macho nipo pale. Daftari lilipotupwa liliteleza likaanguka upande wangu, kalamu ikabingirika hadi miguuni kwa mteja mmoja. Niliinama kuokota. Nilipokuwa nimeinama ndipo aliposema hayo maneno, "waachie wanaume", na vijana wawili wa karakana wakacheka. Yeye ni rika la mwanangu wa pili. Hakuna aliyenisaidia kuokota isipokuwa yule mteja, aliyenipa kalamu bila kunitazama usoni. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na kipimo chenyewe: "Moto, taa zimewashwa, 12.5." Jibu lilikuwa chini pale sakafuni, naye akalikanyaga.

Nilikuwa nimepanga kudai gharama za ufundi wa alternata ya pili peke yake. Sasa nadai zaidi. Nirudishiwe fedha yote ya alternata mbili, betri na ufundi wake, maana vyote vilifungwa bila kipimo. Nirudishiwe alternata yangu ya zamani mkononi. Kama kweli mliitupa, nataka thamani yake na maelezo kwa maandishi ni nani aliyeruhusu. Nataka pia barua ya kuniomba radhi yenye saini ya msimamizi huyo, si ya katibu wako. Na radhi aitamke kwenye kaunta ileile, vijana wale wawili wakiwepo.

Mwanzoni nilikusudia kuwapa siku 14. Nimemtazama mama yangu leo nikakumbuka malori yale, na nimeona siku 7 zinatosha, kuanzia siku mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka risiti zote tatu, daftari na ule waya kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji, na nakala kwa wakili. Waya nimeutunza kwenye mfuko wa nailoni, unga wake wa kijani ukiwa ndani. Na nitawasimulia kila mwenye gari zee ninayemfahamu, kwa majina na tarehe.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Mteja mwenye kadi ya kazi mliyonayo

Viambatanisho: nakala za risiti tatu, kurasa 11 za daftari, picha ya waya wa athi