Zuhura, ile filamu ya wachawi isubiri kwanza

Tabata, Jumatatu usiku

Zuhura shoga yangu,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, mama naye mzima ila magoti ni yale yale, wote wanakusalimu. Najua kimya changu kimekuwa kirefu na una haki ya kunisema, utanisema tukionana. Leo nina haraka. Jana Kassim alipita kuchukua mzigo wa dada yake, akanieleza kwamba umepata The Witches, ile mpya ya Anne Hathaway, imo kwenye fleshi, na unamtunzia mwanao Idi aje aitazame shule zikifungwa. Tangu hapo roho yangu haijatulia. Nakuomba usimwekee mpaka uisome barua hii yote.

Sisi tumeitazama Jumamosi, nyumba nzima, hata mama alikubali kukaa. Na mwanzo wake ni mzuri, siwezi kuukana. Hadithi wameitoa Norwei na Uingereza wakaipeleka Alabama, Marekani, ya miaka ya 1960, na bibi ni Octavia Spencer. Mtoto kafiwa na wazazi, hali, hasemi, na yule bibi anampikia, anamwekea muziki, anacheza mbele yake mpaka mtoto naye anaanza kutikisika. Mama alisema huyu bibi ni wa kwetu kabisa. Nikajua tumepata filamu ya kurudia.

Halafu wakafika hotelini. Wachawi wamejaa ukumbini, mkuu wao anawaamuru wavue glavu. Glavu zikavuka, na kamera ikakaa pale pale kwenye mikono: vidole vimepungua, katikati pana pengo. Ndicho kitu cha kumtisha mtazamaji. Rehema, ambaye anampenda Idi kuliko anavyowapenda kaka zake, akanigeukia na kusema, “Mama, mkono kama wa Idi.” Hakusema kwa ubaya hata chembe. Alisema kama mtu aliyemwona ndugu yake sehemu asiyoitarajia. Nikaizima pale pale, nikawaambia tutaendelea kesho.

Usiku ule ule nikakitafuta kitabu, kile tulichokuwa tukinyang'anyana bwenini mpaka jalada likatoka. Nilitaka kuona kama ni Roald Dahl, mwandishi wake, aliyeandika hivyo. Hakuandika. Kitabu cha mwaka 1983 kinasema wachawi wana makucha membamba yaliyopinda kama ya paka badala ya kucha, ndiyo maana wanavaa glavu. Habari ya vidole kupungua hamna. Hiyo wameiongeza watu wa filamu, Robert Zemeckis na wenzake, na kati ya wote walioketi kuichora ile mikono sijui kama yupo aliyemkumbuka mtoto aliyezaliwa nayo. Filamu ilipotoka Oktoba 2020 watu wengi wenye viungo pungufu walilalamika, wakiwemo wanamichezo wa Paralimpiki. Kampuni ya Warner Bros. ikaomba radhi, Hathaway naye akaomba radhi waziwazi. Vizuri waliomba. Lakini radhi haimo ndani ya fleshi, Zuhura. Kwenye fleshi mna mikono tu.

Unajua kinachonichoma zaidi? Ni zile glavu. Nimemwona Idi wako wageni wakiingia: mkono wa kushoto unazama mfukoni mwa kaptula polepole, na utabaki humo mpaka wageni wazoeleke. Mkono huo huo ambao akiwa na wenzake unadaka mpira, unabana kete za bao, unamenya chungwa bila ganda kukatika. Sasa mtoto huyo umkalishe mbele ya filamu inayomwambia kwamba anayeficha mkono anaficha uchawi? Mfukoni hautatoka tena.

Na huku kwetu neno mchawi si la kuchezea. Wazungu wanaweza kuliona ni la hadithi za kulalia. Sisi tunajua vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Tunajua wenzetu wenye ualbino waliyofanyiwa. Na wewe hujasahau maneno yaliyosemwa wiki ile ulipojifungua, ya yule jirani wa nyumba ya nyuma, sitamtaja, eti mtoto amechezewa na mkono ndio alama. Ulilia mpaka Bi Salma akaja akamfukuza mlangoni. Nilikuwepo. Ndiyo maana siwezi kuiona mikono ile nikasema ni sinema tu.

Najua utasema, basi nimtafutie ile ya zamani, ya 1990, ya Anjelica Huston. Nilifikiri hivyo hivyo, nikaiweka Jumapili mchana. Kwa kutisha inatisha, na wale vikaragosi wa Jim Henson bado wanapendeza. Tatizo lake liko mwisho. Kwenye kitabu kijana akishageuzwa panya na wachawi anabaki panya. Hakuna dawa wala muujiza. Bibi yake anamwambia ukweli kwamba panya wa namna yake huenda akaishi miaka tisa hivi, na kijana anafurahi, kwa sababu bibi ni mzee wa miaka 86 na yeye hataki kuishi dunia isiyo na bibi yake. Nakumbuka ulinisomea ukurasa ule kwa tochi na hatukusema kitu mpaka asubuhi. Filamu ya 1990 imeufuta. Dakika za mwisho anatokea mchawi aliyetubu, anamrejesha mtoto kuwa mtoto, hata miwani yake anarudishiwa, watu wanacheka, basi. Dahl mwenyewe aliuchukia mwisho ule, na alikuwa na haki.

Mama ndiye aliyenishangaza. Rehema alikuwa akimtafsiria, na ilipofika pale mama akauliza, “Kwani panya alikuwa na kosa gani? Si bibi yake alishampokea?” Nimelizungusha swali hilo kichwani tangu jana. Maana filamu ile inamwambia mtoto kwamba hatakuwa na raha mpaka mwili wake utengenezwe uwe kama wa wengine. Mtoto mwingine atapita hapo bila kuona kitu. Idi ataona. Idi, ambaye Ramadhani iliyopita aliniuliza kama peponi atapewa vidole, na nikakosa la kumjibu.

Na kinachokera ni kwamba hii ya 2020, ya mikono mibaya, mwisho imeuheshimu. Niliimalizia peke yangu watoto wamelala. Mtoto anabaki panya, bibi anabaki naye, wanaendelea na maisha yao. Ujasiri ule ule wangekuwa nao kwenye ile glavu ningekuletea fleshi mwenyewe kwa basi. Moja imemwachia mtoto mwili wake lakini imeutukana mkono wa mwenzake. Nyingine inataka kila kitu kirekebishwe ndipo watu wacheke. Kitabu peke yake ndicho kilichosimama, na nacho si malaika, maana kuna yale ya wachawi kuwa na vipara na kuvaa mawigi. Nilimkumbuka Bi Salma nywele zilipomtoka kwa matibabu. Nitamsomea Rehema, lakini hapo nitatua tuzungumze.

Usidhani nimegeuka mtu wa kuchukia kila filamu ya watoto. Ingawa mwaka huu zimeniangusha sana, hata Lion King ile ya 2019. Simba wale wametengenezwa kama simba wa Serengeti kabisa, unaona upepo kwenye manyoya, lakini mtoto amelala juu ya baba yake aliyekufa na uso hausemi chochote. Wanangu waliolia kwa ile ya kuchora ya 1994, safari hii walikuwa wanaomba njugu. Juma akaniuliza kama Mufasa, yule baba, amelala. Mabilioni ya pesa imeingiza, na huzuni wameshindwa kuitia usoni.

Iliyotuliza nyumba ni Matilda ya 1996, ya Danny DeVito. Nayo ni ya Dahl, nayo imehamishiwa Marekani, lakini ubishi wa yule mtoto wameuacha, na yule mwalimu mkuu anamrusha msichana kwa mikia ya nywele hewani kama tunavyoikumbuka kitabuni. Mama alicheka mpaka akasahau magoti. Hiyo muwekee Idi hata kesho.

Nimekumbuka jambo lingine, maana Idi na ndege zake. Huyu Dahl alikaa hapa hapa Dar, mwaka 1938 na 1939, akifanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell, vita vilipoanza akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza akawa rubani. Ameyasimulia katika Going Solo. Akikua kidogo tumtafutie. Asiwajue marubani wa kwenye katuni tu.

Sasa ombi langu. Kassim anarudi Tanga Ijumaa, nimempa kitabu changu cha The Witches, kimefungwa na gazeti pamoja na kanga ya mama yako. Msomee Idi mwenyewe, kwa Kiswahili chako, jioni, na mama yako awepo, kwa sababu kile ni kitabu cha bibi na mjukuu. Kwenye ukurasa wa makucha mwonyeshe kwamba ni makucha ya paka. Siku akitaka filamu ya 2020 kwa sababu wenzake wameiona, na atataka, tazameni pamoja, wewe ukae upande wa mkono wa kushoto. Au naona vibaya? Wewe ndiye mama yake, pengine yeye ana nguvu kuliko mimi ninavyomhofia.

Hebu niambie, ameshawahi kukuuliza lile la peponi? Ulimjibu nini? Mfukoni anaingiza bado, au ni kwa wageni wa Dar tu? Fleshi yenyewe umeiweka wapi, isije ikawa ameshaichomeka kwa kina Mwajuma? Yule jirani mnasalimiana siku hizi? Na likizo mnakuja au mnatuachia sisi nauli? Rehema amekwisha amua kwamba atalala na Idi sebuleni na hataki kusikia lingine. Nijibu kwa Kassim, au nipigie Jumatano baada ya isha, bando ninalo.

Wako,
Mwanaidi