Sukari ya shangazi yako

Newala

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nasi. Zamani tuliyaandika maneno haya kwenye kila barua bila kuwa na hofu wala mashaka yoyote, ulikuwa mtindo tu. Leo nayaandika ninayo kweli.

Shangazi yako amerudi Alhamisi. Macho yametibiwa, anaona vizuri. Anaona vizuri mno. Siku nne alizolala kwako amezileta zote hapa barazani, akazimwaga mbele ya mama yako na majirani wawili kabla hata hajafungua kanga ya mzigo.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Unakula nini?

Sikuulizi umeweka kiasi gani. Mpango wako wa kuweka akiba ili uache kazi mapema nimeuelewa tangu uliponichorea nyuma ya kalenda, na karatasi ile bado ninayo. Naandika kwa mkono, mdogo wako atapiga picha akutumie, maana kwenye simu hatuelewani. Unaanza na "baba nipigie", nikikupigia unaniambia "nimekula" wakati sijauliza. Nimefundisha miaka 34. Mtoto anayejibu swali ambalo halijaulizwa namjua.

Anasema chumba chako cha Mbagala kina godoro chini, sufuria moja, ndoo mbili, na feni usiyoiwasha. La godoro halinisumbui, mimi nilianza kazi nalalia mkeka. Lakini anasema asubuhi ni chai ya rangi bila kitafunwa, mchana hakuna kitu, usiku ugali na dagaa wa kuhesabu. Na jioni unatoka Kurasini kwa mguu mpaka nyumbani ili uokoe nauli. Hapo mama yako aliinuka akaingia ndani. Barabara ya Kilwa saa moja usiku, mtoto wa kike, tumbo halina kitu tangu asubuhi, kwa ajili ya nauli isiyofika hata elfu moja!

Sasa la daftari. Siku ya tatu, wewe ukiwa kazini, alilifungua daftari lako lililokuwa juu ya ndoo. Amekosea, na nimemwambia amekosea. Ila macho mapya hayana adabu, akasoma: "Shangazi, sukari robo, 800." Chini yake: "Shangazi, luku, 1,000." Chini yake sabuni. Halafu mstari mwekundu, na jumla. Ameniuliza mbele za watu, "Kaka, mimi pale ni deni au ni matumizi?" Nikakosa la kumjibu, maana kihesabu ni matumizi.

Yeye hakuniona, lakini aliposema mstari mwekundu mimi moyoni nilifurahi kwanza. Mstari ule ni wangu. Daftari langu la korosho la tangu 1989 lina mistari hiyo hiyo, kilo upande huu, salfa ya kupulizia mikorosho upande huu, vibarua chini. Kaka yako nilimpa daftari kama lako, akaandikia namba za simu za wateja wa bodaboda. Wewe peke yako ndiye uliyelielewa. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa sijui ulipoyatoa haya.

Ya 2018 siyarudii, korosho ziko ghalani, malipo hayaji, na wewe uko chuoni. Unayajua kuliko mimi. Najua ndipo ulipoapa kutokukaa tena ukingoja pesa ya mtu. Sikulaumu kwa hilo hata kidogo.

Hesabu yako nimeikagua, nimetumia jioni mbili. Mshahara 900,000. Unaweka 630,000, unaishi kwa 270,000. Kwa mwaka unatumia 3,240,000, zidisha mara 25, unapata 81,000,000, na hapo ndipo utakapoacha kazi. Kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka nimepata miaka 7 na kidogo. Wewe uliniambia 7. Sawa, vema.

Hiyo mara 25 umeichukua kwa yule Mmarekani, William Bengen. Mdogo wako amenitafutia habari zake kwenye simu. Mwaka 1994 alikokotoa kwamba mstaafu akichota asilimia 4 ya akiba yake, yaani fungu moja kati ya 25, mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka akaongeza kulingana na bei zinavyopanda, akiba itamvusha miaka 30. Kazi nzuri, imenyooka. Lakini alitumia kumbukumbu za hisa za Marekani na hatifungani zao, yaani pesa ambayo serikali inakopa kwa watu. Soko letu la hisa la Dar es Salaam limeanza kuuza na kununua mwaka 1998, miaka minne baada ya yeye kumaliza hesabu yake. Tena alikuwa anawapigia hesabu watu waliokwisha kuzeeka. Wewe unataka kuacha kazi na miaka 37. Jumlisha 30, unapata 67. Mimi nilikuwa na 67 miaka mitatu iliyopita, na bado nakula.

Hayo ni madogo. Kosa lako haliko kwenye kuzidisha, liko kwenye kile unachokizidisha. Hiyo 3,240,000 ni matumizi ya mtu asiyekula mchana, asiyepanda gari jioni, asiyeumwa, asiye na mtoto, asiye na mama anayeumwa kiuno. Ukishazifikisha milioni 81, chukua asilimia 4 yake uone. Ni 3,240,000 ile ile. Yaani siku utakayosema "sasa niko huru" ndiyo siku utakayokuwa umejifunga kula dagaa wa kuhesabu mpaka unakufa. Ukithubutu tu kula mchana, hesabu nzima inahama. Uliliona hilo? Nina wasiwasi uliliona ukalifunika.

Sisemi hatifungani ni mbaya, usinisikie vibaya. Serikali inakulipa kila miezi sita, unaanzia milioni moja, nani alituambia haya wakati wetu? Vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, navyo nimevielewa, ukikwama unauza, pesa inarudi. Kiinua mgongo changu unajua kilikokwenda. Ningekuwa na mtoto wa kunichorea nyuma ya kalenda mwaka ule ningefanya vingine. Na watu wa Dar wanaotusimulia kwamba huku msimu ukifika kuku wananyweshwa bia, waambie baba yako yuko Newala miaka yote na kuku huyo hajamwona. Walevi wapo. Kaka yako msimu uliopita aliuza gunia zake, akanunua redio kubwa yenye taa, na mwezi wa pili akaja kwangu kukopa pesa ya tairi. Ningekuwa na uwezo ningewachanganya nyinyi wawili kwenye beseni nikawagawa upya.

Lakini unakula nini, mama? Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na ukaidi umeuchukua pamoja na jina.

Kuna msimu mmoja, hukuwa umezaliwa, niliona salfa imepanda. Nikapulizia mara moja badala ya kurudia kama wenzangu. Niliokoa mifuko mitano, nikaiandika kwenye daftari kwa wino wa buluu, nimeokoa. Mikorosho ikatoa maua mengi, nikawa napita shambani asubuhi natabasamu peke yangu. Halafu ubwiriunga, ule ugonjwa ambao salfa ndiyo kinga yake, ukaingia. Maua yalipakwa unga mweupe kama yamemwagiwa sembe, yakakauka, yakawa yanadondoka ukiyagusa. Kwenye ukurasa wa mavuno hakuna cha maana nilichoandika mwaka ule. Mifuko mitano niliyookoa bado iko pale juu, buluu.

Shangazi yako alipomaliza maneno yake, mama yako alitoka ndani akasema neno moja tu: "Kachukua kwa baba yake." Akaenda kuanika njugumawe.

Nimelifikiria tangu Alhamisi. Wewe umekua tangi lipo, ulikuwa unakinga mvua ya bati na kuchota mlangoni. Kabla ya tangi maji yalikuwa ya dumu, yanaletwa na baiskeli kwa pesa, au ni ya kushuka bondeni. Unajua mteremko wa huku ulivyo, ukianguka unaokotwa chini. Pesa ya dumu ilikuwepo. Haikuwa mfukoni, ilikuwa kwenye ekari mbili za Kitangari nilizokuwa namalizia kulipa. Mimi niliona bonde ni bure. Mama yako alishuka na kupanda na ndoo kichwani miaka sita, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa tumboni. Kwenye daftari langu, safu ya maji kwa miaka ile sita ina vistari tu. Nilikuwa namwonyesha kwa fahari.

Shamba lile linazaa vizuri mpaka leo, ndilo lililokusomesha, na hilo nalo ulijue. Kiuno chake daktari anasema ni umri. Huenda ni umri. Tuyaache.

Tangi lenyewe limepata ufa upande wa jikoni. Fundi anasema mifuko mitatu ya saruji na siku mbili za kazi, mimi nasema miwili inatosha. Tunataka kuziba kabla mvua haijaanza, la sivyo tutarudi kwenye madumu na safari hii sitakubali mtu ashuke popote. Sisemi utume. Ukituma nitaipokea, lakini sisemi utume, maana ukituma najua itakatwa kwenye nini. Haitakatwa kwenye 630,000, itakatwa kwenye ugali. Kwa hiyo usitume. Mbuzi jike amezaa mapacha, mmoja nitauza.

Ngoma ya binti wa dada yako hukuja. Ulituma 10,000 na ujumbe. Watu waliniuliza, nikasema umebanwa na mzigo bandarini. Nimekuwa muongo uzeeni kwa sababu ya nauli ya basi. Mwali mwenyewe alipotolewa alikuwa anaangalia njiani, aliambiwa mama mdogo anakuja. Kitenge ulichomuahidi nimenunua mimi nikasema umetuma wewe. Hiyo usiiandike popote.

Nimekupigia hesabu nyingine, soma polepole. Chukua chakula cha mchana kwa mama ntilie, wali maharage, tuseme 2,000. Nauli ya jioni tuseme 700. Siku za kazi 26, inakuwa 70,200 kwa mwezi. Akiba yako inashuka mpaka 559,800. Matumizi ya mwaka yanapanda mpaka 4,082,400, na lengo lako, mara 25, linapanda mpaka 102,060,000. Kwa asilimia 12 ile ile unafika kwa miaka 9 na kidogo badala ya 7. Miaka miwili tu, mama! Miaka miwili ya kazi ukiwa umekaa kwenye kiti, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na unapata chakula cha mchana cha siku zote zilizobaki. Nimeikagua mara tatu. Kama ni bidhaa sokoni ningeichukua bila kupunguza bei.

Ukinijibu kwamba kila mtu ana mipango yake, nitanyamaza, una miaka 30 na mshahara ni wako. Ila shangazi yako usimnyamazie. Mpigie. Mpigie kwa salio lako, usibip. Usimweleze bajeti, hatakuelewa na ataona unamzidishia. Mwambie sukari ilikuwa yako na yake, basi. Leo amekuja hapa na kilo nzima ya sukari, ameiweka mezani bila kusema neno, na tunakunywa chai tamu mno nyumba nzima kwa ajili yako.

Mama yako amekufungia mzigo. Umo unga wa muhogo, njugumawe, kunde kavu, na korosho za kubangua alizokaanga mwenyewe jana usiku akiwa amekalia kigoda, kusimama hawezi muda mrefu. Korosho ni za kula. Namjua mwanangu, usije ukazipima kwenye vifuko ukawauzia wenzako ofisini. Nimemwambia mama yako kwamba hutafanya hivyo, yeye akacheka.

Mzigo unapanda basi la kesho asubuhi. Kapokee Rangi Tatu, na siku hiyo ukitoka kazini panda gari, ndoo ni nzito. Kondakta tumemlipa kila kitu huku, asikudai.

Ni mimi baba yako.

Tena: ndoo yenyewe si yetu, ni ya mama jirani wa upande wa msikitini, ya bluu yenye mfuniko. Ameshaiuliza mara mbili na hata haijaondoka. Usiiweke kwenye matumizi.