Kuskusi ya saladi haipikwi kama wali

Ndugu Mhariri,

Mapishi mengi ya saladi baridi ya kuskusi ya Kimoroko yanayosambaa siku hizi yanaagiza kuskusi ichemshwe kama wali, kisha ichanganywe na mboga ingali ya moto. Kinachopatikana ni bonge lenye matango yaliyolegea, na mlaji anaondoka akiamini kuskusi haina ladha. Naomba nafasi nirekebishe.

Kuskusi si nafaka. Ni semolina, yaani unga wa chengachenga, ya ngano ngumu inayonyunyiziwa maji na kuviringishwa hadi iwe chembechembe. Wamoroko huipika kwa mvuke mara mbili au tatu, wakiifikicha kwa mikono kila inapoepuliwa, na Ijumaa huiandaa ya moto na mboga saba. Ya pakiti imekwishapikwa kwa mvuke kiwandani na kukaushwa. Haina haja ya jiko tena.

Kwa watu wanne hadi sita, chukua gramu 250, zabibu kavu kiganja kimoja na chumvi kijiko cha chai. Fikicha na mafuta ya zeituni vijiko viwili vya chakula ikiwa bado kavu, ili chembe zisigandane. Mimina mililita 300 za maji yanayochemka, funika dakika 10, usikoroge. Usizidishe maji, maana limau na nyanya zitaleta ya kwao. Ichambue kwa uma, kwani mwiko huiponda, kisha itandaze kwenye sinia pana hadi iwe vuguvugu.

Mboga nazo zitolewe maji. Tango lipasue, komba mbegu kwa kijiko, katakata, nyunyizia chumvi na uliache kwenye chujio dakika 15, kisha likaushe kwa kitambaa safi. Nyanya toa mbegu. Pilipili hoho haina usumbufu. Karoti tatu zikate vipande vya nusu sentimita uzichemshe kama dakika sita. Wengi huzikwaruza mbichi, lakini saladi za karoti za Moroko hasa ni za karoti zilizochemshwa, na ndizo zinazonyonya viungo. Ongeza kikombe cha dengu zilizoiva.

Utamu wote uko kwenye sharmula, mchuzi wao wa viungo. Kaanga bizari nyembamba nzima kijiko cha chai kwenye kikaango kikavu hadi inukie, kisha itwange. Ya unga iliyokaa dukani muda mrefu huwa imepoteza harufu. Changanya na punje mbili za kitunguu saumu kilichopondwa, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) kijiko cha chai, kotimiri iliyokatwakatwa, maji ya limau vijiko vinne vya chakula na mafuta ya zeituni vijiko vitano. Mdalasini ni wa kudokoa tu. Ukizidi, saladi inaonja kama keki.

Nusu ya sharmula itie kuskusi ikiwa vuguvugu, maana hapo ndipo inaponyonya vizuri. Ikishapoa kabisa tia mboga, uweke kwenye friji saa mbili. Nusu iliyobaki itie wakati wa kupakua, pamoja na nanaa, ambayo ikikaa ndani ya limau hugeuka nyeusi. Onja upya kabla ya kupeleka mezani: baridi hufifisha chumvi na ukali wa limau, hivyo karibu kila mara utahitaji kuongeza.

Jambo moja lisipuuzwe. Vyakula vya wanga vilivyopikwa vikiachwa kwenye joto huota bakteria wa Bacillus cereus, na mojawapo ya sumu zake haifi hata chakula kikipashwa moto. Kwa joto letu la pwani, saladi iingie friji ndani ya saa moja na iliwe ndani ya siku tatu. Umeme ukikatika zaidi ya saa nne, itupeni. Kwenye shughuli za mchana, wekeni bakuli juu ya sinia la barafu na mpakue kidogo kidogo, nyingine ibaki kwenye friji.

Mpishi wa hoteli,
Mombasa